Anayemjibu Mtoto

Mwaka 1984 mvua ya masika ilikosekana sehemu kubwa ya Kenya, na watu wa makamo katika Embu na Meru wanaukumbuka mwaka huo kwa mahindi ya njano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Mwaka huohuo, katika lokesheni ya Kyeni Kusini, chini kidogo ya Runyenjes, watu wenye madaftari walianza kuingia maboma ya wakulima, wakaketi pembeni, wakaandika kila alichofanya mtoto mdogo wa nyumba hiyo. Nani amembeba. Amekula nini, kiasi gani. Amechezea nini. Ametoa sauti, na baada ya sauti hiyo, je, kuna mtu aliyemjibu?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonishika. Utafiti wenyewe ulihusu lishe. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, vilitaka kujua chakula kisichotosha kinamfanyia nini binadamu, hata pale ambapo hakuna njaa ya kuua. Profesa Nimrod Bwibo, daktari wa watoto, alikuwa miongoni mwa viongozi wake pamoja na Charlotte Neumann, naye mwanasaikolojia Marian Sigman akashughulikia upande wa akili na tabia. Watoto wapatao 110 walifuatiliwa majumbani mwao tangu wakiwa na miezi 15 hadi miezi 30. Walipofikisha miaka 2, na tena miaka 2 na nusu, walipewa kipimo cha Bayley kilichotungwa Marekani: kupanga vibao viwe mnara, kutaja kilicho kwenye picha, kutekeleza agizo dogo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1988. Watoto waliosemeshwa mara kwa mara, ambao sauti zao zilijibiwa, na ambao mtu alikaa nao katika mchezo au mazungumzo kwa muda bila kukatiza, ndio waliofanya vizuri zaidi. Hapakuwa na vitabu vya picha katika nyumba nyingi za Kyeni wakati huo, wala vitu vya kuchezea vya dukani. Palikuwa na mwiko, gunzi, kopo, udongo, na watu. Tofauti kati ya mtoto na mtoto ilipita kwa hao watu.

Nimeyafikiria matokeo hayo mara nyingi mwaka huu, kwa sababu katika boma letu, juu zaidi kuelekea msitu wa Mlima Kenya, kuna mtoto anayekaribia miaka miwili na nusu. Ni binti wa kaka yangu. Kwa desturi ya Embu amepewa jina la mama yetu, kwa hiyo kaka yangu humwita "mami", na mama yetu mwenyewe, ambaye sisi sote tunamwita Cucu, humwamkia kwa heshima ya mtu wa rika lake. Mtoto huyu amebeba kumbukumbu ya mtu mwingine kabla hajajiwekea ya kwake. Mimi huniita Tata, kama shangazi anavyoitwa huku.

Siku moja alifuatana na mama yake hadi kituo cha kununulia chai. Nilikuwepo. Alisimama kimya karibu na mguu wa karani wa mizani muda wote, kidole mdomoni, na sikudhani kuna kilichomwingia. Kesho yake mchana alichukua kiondo cha Cucu, akakijaza majani ya nepia, akakining'iniza kwenye tawi la chini la mparachichi. Akarudi nyuma hatua moja. Akakunja uso sawasawa na karani yule. Akabonyeza kipande cha kuni kwa kidole gumba, mara mbili, akitoa mlio wa mashine puani. Kisha akachana ukanda mwembamba wa jani la mgomba na kunipa bila kunitazama, maana karani naye hakuwatazama wachumaji. Nilipoushika tu ule ukanda mkononi, alikasirika. Alinivuta leso, akanionyesha kifuani: risiti hukunjwa na kufichwa hapo. Ndivyo mama yake alivyofanya jana yake.

Mwenye kumtazama mtoto wa umri huu na asione ajabu, basi hajatazama vizuri. Mizani haikuwapo mbele yake, karani hakuwapo, mama alikuwa shambani. Kila kitu kilitoka ndani. Jean Piaget, Mswisi aliyeandika maendeleo ya watoto wake watatu karibu siku kwa siku, alieleza jinsi binti yake Jacqueline, akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne, alivyomwona mvulana mgeni akipiga kelele na kukanyagakanyaga ndani ya kizuizi cha watoto. Jacqueline hakuwahi kuona kitu kama hicho. Kesho yake naye akafanya vivyo hivyo, akakanyaga kwa miguu yake taratibu, kama anayejaribu. Piaget aliona katika tukio hilo kwamba mtoto amepata uwezo mpya wa kushika jambo akilini wakati lenyewe limekwisha kupita, na kulitoa tena atakapo.

Kwa hiyo anayeuliza ni lini mtoto huanza kukumbuka atapata jibu lake uwanjani, kwenye michezo, muda mrefu kabla mtoto hajaweza kusema "nakumbuka". Mchezo wa kuigiza ni kumbukumbu inayotembea. Humo ndimo mtoto anaichagua jana yake: binti wa kaka yangu aliacha lori, aliacha foleni, aliacha mbwa wa kituoni aliyekuwa akimwogopa. Alichukua uso wa mwenye mizani na kifua cha mama yake. Kwa miaka yake miwili na kitu amekwisha kuona ni nani mwenye uamuzi juu ya majani yale na ni nani mwenye kulinda karatasi.

Usemi wake huja kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Wifi yangu ni mtu wa Chogoria, ng'ambo ya mto Thuci, kwa hiyo maji, maziwa na usingizi vina majina ya Kimwimbi. Kila kinachotoka kwa Cucu, kuku, jembe, makaripio na Mungu, kina jina la Kiembu. Kiswahili kimeingia kwa redio na kwa watoto wa mwalimu jirani. Wageni huuliza kama hachanganyikiwi. Sijamwona akichanganyikiwa hata mara moja kuhusu jambo lililo muhimu kwake, yaani nani atamwelewa. Akitaka maji kwa mama hutumia neno la mama. Akiyataka kwangu husema "Tata, taka maji," na kukaa akingoja.

Ile "taka" bila kiambishi cha mbele ina utaratibu wake. Kamil Ud Deen, aliyerekodi watoto wa Nairobi wakijifunza Kiswahili na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2005, alionyesha kwamba watoto hao huacha viambishi vya kitenzi, na kwamba huviacha kwa mpangilio unaoweza kuelezwa, wala hawabahatishi. Mtoto anajenga sarufi, na anaijenga mbele yetu. Kinachonigusa zaidi ni subira yake ya kungoja. Baada ya kusema hunyamaza na kunikazia macho. Anajua tayari kwamba usemi ni zamu: yangu imekwisha, sasa ni yako. Hilo nalo amefundishwa na wote waliompa zamu tangu alipokuwa akisema "ah" na "buu" tu, nao wakamwitikia kama aliyesema jambo la maana.

Kuna uhusiano mzito kati ya usemi na kumbukumbu ambao sikuujua mpaka niliposoma kazi ya Gabrielle Simcock na Harlene Hayne wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, iliyochapishwa mwaka 2002. Waliwaonyesha watoto wa umri wa kati ya miaka miwili na mitatu na kitu mashine ya ajabu: unatia mwanasesere mkubwa, unazungusha mpini wa mashine, anatoka mdogo. Baada ya miezi 6 au mwaka mzima waliwarudia. Watoto waliitambua mashine kwenye picha na waliweza kuonyesha jinsi ilivyotumika. Walipoulizwa wasimulie, hakuna hata mmoja aliyetumia neno ambalo hakuwa nalo siku ile ya kwanza, ijapokuwa sasa maneno hayo aliyajua. Kumbukumbu ilikuwepo mikononi na machoni. Lakini ile iliyowekwa bila maneno ilibaki bila maneno.

Nadhani hapa ndipo tunapoweza kuelewa anachofanya Cucu jioni, akiwa amemweka mjukuu kando yake jikoni, mafiga yakiwaka. Nilimsikiliza usiku tuliorudi kutoka Runyenjes.

"Mami, leo mlifika wapi?"

"Ng'ombe," akasema mtoto.

"Ng'ombe! Yule mweusi aliyesimama barabarani?"

"Simama."

"Akasimama, matatu ikafanya nini?"

Mtoto akapiga honi kwa mdomo, mara tatu, kwa nguvu zake zote. Cucu akaitikia kwa mshangao wa kweli, kama asiye na habari, ingawa nilikuwa nimekwisha kumsimulia. "Na dereva akasema?" Hapo mtoto alikosa neno. Akainua mkono na kuutikisa dirishani, dirisha lisilokuwepo. Cucu akampa neno: "Akamfukuza. Akamfukuza ng'ombe." "Fukuza ng'ombe," mtoto akarudia, akacheka. Juma lililofuata alimsimulia baba yake habari hiyo, na neno lilikuwa pale, mahali pake.

Mama yetu hakusoma zaidi ya madarasa machache. Anayoyafanya kwenye mafiga yana mpangilio ule ule ambao wataalamu wa kumbukumbu za utotoni wamekuwa wakiusisitiza: kumuuliza mtoto swali lililo wazi kuhusu jambo lililopita, kupokea alichonacho, kumwongezea kipande, kumrudishia zamu. Mtoto anayesimuliwa jana yake kwa namna hii anapata jana ya kusimulia. Vitendawili na hadithi za jioni, ambazo wazee wa Embu na Meru walizitumia kulelea watoto wakubwa kidogo, vimejengwa juu ya zamu hiyohiyo: mmoja anatega, mwingine anaitikia, na asiyejua hupewa jibu ili kesho awe nalo.

Sasa nirudi kwenye chakula, kwa maana watafiti wa Kyeni walianzia kwenye chakula, na haki ya mtoto inaanzia hapo pia. Katika ripoti nyingine ya mwaka 1989 walionyesha kwamba watoto waliokula vizuri zaidi walitoa sauti zaidi na kucheza zaidi. Wale waliopungukiwa walibebwa zaidi. Nisomapo hayo naona migongo ya dada wengi na vitoto vilivyonyamaza juu yake. Mwili usiopata vya kutosha huacha kwanza kile kinachoweza kuachwa, na kwa mtoto mdogo kitu hicho ni mchezo. Haanguki, halii sana. Anatulia tu. Na vijijini kwetu mtoto aliyetulia husifiwa: hasumbui, ana adabu, hata hujui kama yupo. Natamani sifa hiyo tuichunguze kabla ya kuitoa tena. Mtoto wa miaka miwili anayekaa pale alipowekwa, asiyevuta leso ya mtu, asiyeuliza wala kupiga honi, huenda ana njaa ya mlo, au njaa ya kujibiwa, au zote mbili.

Baadaye, kuanzia 1998, watafiti walirudi Kyeni na kuwapa watoto wa darasa la kwanza katika shule kadhaa githeri ya saa nne. Wengine githeri yao ilitiwa nyama, wengine walipewa pamoja na maziwa, wengine ilikuwa na mafuta ya ziada, na kundi moja halikupewa ili kulinganisha. Waliopata nyama walipiga hatua zaidi katika jaribio la kufikiri kwa michoro, na uwanjani walichangamka, wakaanzisha michezo, wakaongoza wenzao. Githeri ni chakula kizuri, lakini mahindi na maharagwe peke yake hayatoi vitamini B12, na madini ya zinki na chuma yaliyomo hayafyonzwi kwa urahisi. Yai moja, kikombe cha maziwa ambayo hayakuuzwa yote kwa lori la maziwa, au dagaa waliosagwa ndani ya uji ni sehemu ya mchezo wa mtoto na usemi wake.

Na wakati wa ukame wenyewe wa 1984 kuna jambo jingine lililoonekana ambalo napenda lijulikane. Waliodhoofika zaidi walikuwa watoto wa shule: uzito wao ulipungua, umakini darasani ukashuka, uwanjani wakapoa. Wadogo kabisa walikingwa kuliko hao kaka na dada zao. Sufuria ilikuwa ndogo, na mkono uliopakua ulianzia kwa mdogo.

Hao waliopakuliwa kwanza sasa wamepita miaka arobaini. Wao ndio wazazi wa leo, na nyumba walizozijenga ni tofauti na zile walizozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto 8 hivi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, msichana wa miaka minane yuko darasani asubuhi, ambapo zamani angekuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Nafurahi kwa yote mawili. Dada yule aliyemjibu mtoto wa Kyeni kila alipotamka alilipa kwa masomo yake mwenyewe, na hakuna tafakari ya malezi inayopaswa kumsahau au kutamani arudishwe kazini.

Lakini kazi aliyoifanya imebaki, na haijakabidhiwa kwa mtu. Mama yuko kwenye chai tangu alfajiri au ameshuka sokoni. Baba yuko Nairobi. Wakubwa wako shuleni, wengine wa bweni. Kaunti zimepewa na Katiba ya 2010 jukumu la elimu ya chekechea, ila darasa lao la kwanza linampokea mtoto wa miaka minne. Chanjo ya pili ya surua hutolewa akiwa na miezi 18, na baada ya hapo kina mama wengi hawana sababu ya haraka ya kurudi kliniki. Kati ya sindano hiyo na mlango wa chekechea kuna miaka miwili na nusu, ile ambayo mtoto anaanza kuigiza, kuunga maneno, na kuwa na jana. Katika kipindi hicho ni nadra daftari la serikali kuandika habari zake, na mara nyingi anayebaki naye ni nyanya aliyechoka na simu iliyowekwa mbele ya mtoto ili atulie. Simu humsemesha mchana kutwa. Haijawahi kungoja zamu yake.

Siwalaumu wazazi, nawajua, na najua bei ya mafuta ya taa na uzito wa gunia la chai. Naomba tukubali tu kwamba kumjibu mtoto ni kazi, yenye mazao yanayopimika, na kwamba ilipimwa hapa kwetu, kwa watoto wetu, miaka arobaini iliyopita. Kazi ikikubaliwa kuwa kazi, hupangiwa mtu na muda. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wanaokwenda mlango kwa mlango. Wanauliza kuhusu choo, chandarua na shinikizo la damu. Waongezewe swali moja kwa kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka minne: leo nani amezungumza naye, na akamngoja ajibu? Makanisa yetu yana vikundi vya kina mama kila juma, na vyama vya chai na kahawa vina mikutano yenye mamia ya wazazi. Swali hilo linafaa huko pia. Nyanya wanaolea wajukuu walipwe kwa kupunguziwa kuni na maji, ili jioni wawe na pumzi ya kuuliza ng'ombe alikuwa wa rangi gani.

Na sisi tunaopita tu, mashangazi na wajomba wa mwisho wa juma, tusiseme mtoto bado hajui kuongea. Ameshaongea. Tumkalie chini, tumwangalie usoni, tumpe jibu, kisha tunyamaze mpaka naye atoe lake, hata likichukua muda mrefu, kwa sababu muda huo ndio anaoutumia kulitafuta neno.